Ukurasa Uliokatwa kwa Wembe

Mwanamume niliyezaa naye alikuwa ofisa mkubwa wa jeshi la majini, na aliishi mahali ambapo maji makubwa kuliko yote yalikuwa dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Alikuja Nyamitaba baada ya vile vita vikubwa vya wazungu, akapewa mlima mzima alime na kufuga. Watu walimwita Komanda. Mimi wazungu wenzake waliniita menaje, yaani mwanamke wa nyumbani, neno lenye adabu kuliko jambo lenyewe.

Meli alikuwa ameziacha, mazoea hakuyaacha. Kila asubuhi alipandisha bendera juu ya zizi, ng'ombe wakimtazama. Kila jioni alifungua daftari nene, alilokuwa akiliita livre, kama lile la melini. Kila siku ilikuwa na karatasi yake. Humo ziliandikwa mvua, upepo, ukungu, na nani ameugua. Kwa kuwa mapadri walikuwa wamenifundisha kuandika, kazi hiyo akanipa mimi. Yeye alisoma na kutia sahihi tu. Aliniambia kwamba baharini daftari ndilo sheria: hata mtoto akizaliwa melini huandikwa humo, kapiteni anatia sahihi, yamekwisha.

"Kitu haiko mu livre," alisema kwa Kiswahili chake cha amri, "haikufanyika."

Nilimwamini. Binti yetu alipozaliwa, jioni ileile niliomba niletewe daftari kitandani. Niliandika: mvua tangu alfajiri, upepo kutoka upande wa Sake, ndama mmoja amekufa, mtoto wa kike amezaliwa, Komanda ndiye baba yake. Alisoma, akanitazama kwa muda, akatia sahihi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala sioni haya kuisema.

Mtoto alipofika miaka mitano, ilikuja habari kwamba serikali inakusanya watoto waliozaliwa na baba wazungu na mama weusi, inawapeleka kwa masista, mbali. Yule ambaye baba yake amemtambua kwa maandishi haguswi. Baba yangu, mwindaji wa Walikale, alitembea siku nne na nyama ya kukaushwa mgongoni ili aje kutuchukua.

"Mwanangu, tumupeleke huyu mutoto kule kwetu. Mu pori hakuna muzungu atamuona."

"Papa, usiogope. Iko mu livre. Bwana alitia sinyature."

"Livre njo itamuficha?"

Nilimcheka. Nilimcheka baba yangu, aliyekuwa na malengelenge miguuni kwa ajili yetu. Alikaa siku mbili, akarudi peke yake. Hapo pananiuma kuliko pengine pote.

Mwaka uleule Komanda alipata barua kwamba serikali ya kwao imemteua kuwa balozi katika nchi ya mbali. Alinyoa ndevu, akaniamuru nipige pasi sare yake nyeupe mara mbili, akapanga nishani zake kifuani mbele ya kioo. Nilimwuliza balozi hufanya kazi gani. Alisema ni kuzungumza vizuri na watu wa nje, kuwaandikia watu karatasi za kuvuka mipaka, na kutokuwa na aibu yoyote nyumbani. Hilo la mwisho sikulitilia maanani.

Siku ya kuondoka aliniwekea daftari mikononi.

"Livre iko yako sasa. Uichunge muzuri."

Alimbusu mtoto kichwani, akaingia garini. Macho yake yalikuwa mekundu. Nayakumbuka, na bado sijamsamehe.

Wiki chache baadaye alifika ajenti wa serikali na polisi wawili. Sikukimbia. Nilimfutia kiti vumbi, nikaleta daftari kwa mikono miwili, nikafungua. Siku ya kabla ya kuzaliwa mtoto ilikuwepo. Siku ya baada ilikuwepo. Katikati palibaki ukingo mwembamba wa karatasi, umekatwa kwa wembe, umenyooka sawasawa. Kwa unadhifu Komanda hakuwa na mwenzake.

"Mama, iko wapi?" ajenti aliuliza, bila ukali.

Mtoto alipakiwa nyuma ya kamyo akiwa na kiatu kimoja mguuni. Cha pili kilikuwa bado mkononi mwangu.

Nilirudi Walikale na lile daftari. Baba hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniwekea chakula tu, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulimeza. Miaka ilipita, ndipo katekista akaniletea barua yenye herufi kubwa kubwa.

"Mama, hapa wanasema nilizaliwa siku ya kwanza ya mwaka, sawa na watoto wote wenye hawana tarehe. Njo kweli? Uniambie."

Nilimwandikia karatasi nzima upya kutoka kichwani: tarehe, mvua, upepo, ndama, mtoto wa kike. Jina la baba yake nililiandika waziwazi. Chini, mahali pa sahihi, nikatia yangu.

Barua ilirudi baada ya miezi mitatu, haijafunguliwa. Juu ya bahasha mtu alikuwa ameandika kwamba mtoto amepelekwa Ulaya, anwani haijulikani. Nilipika uji mzito wa muhogo, nikaufanya gundi, nikaibandika karatasi yangu kwenye ule ukingo uliobaki. Daftari sasa halina pengo. Binti yangu, huko aliko, bado hajui siku aliyozaliwa.