Kabati la Mildred

Mildred alikuwa na miaka tisa ya ndoa, na mamake mzazi hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba yake. Si kwamba walikosana. Shida ilikuwa kitanda. Kwa Wajaluo wa umri wa huyo mama, kuona mahali mkweo analala ni aibu ambayo hutaki hata kuisimulia, na chumba cha Mildred pale Soweto East, Kibera, ni futi kumi kwa kumi. Ukifungua mlango tu, umeshakiona kitanda. Utakikosaje, na ndicho kimejaza nyumba?

Kwa hivyo kila wakati mama akitoka Siaya kuja kliniki ya macho, alifikia kwa dadake Kawangware. Mildred ndiye alimfuata huko na chakula kwenye hotpoti. Ilimuuma sana. Mtu anataka mamake aone anaishi vipi, hata kama ni kwa mabati.

Mwaka juzi alijaribu pazia. Mama akafika mpaka mlangoni, upepo ukaingia kabla yake, pazia likapanda juu na kuanika mito na kila kitu. Mama akageuka, akanywa chai nje, amekalia mtungi wa plastiki wa maji, majirani wanamwangalia. Mildred alilia siku hiyo, na nani angemlaumu?

Utasema si angejenga ukuta wa mbao. Haya, jaribu wewe kumwambia Ng'ang'a, mwenye ploti. Huyo mzee hataki msumari hata mmoja kwa mabati yake. Anasema kila tundu ni mvua, na huzunguka akikagua kuta kama daktari wa meno.

Basi Mildred akakaa na shida yake. Kazi yake ni kufulia watu nguo pale Nyayo Highrise. Siku moja, baada ya kukunja meza ya kupigia pasi na kuisimamisha nyuma ya mlango, alibaki akiitazama. Ikikunjwa haikuwa meza tena, ilikuwa kitu tu kimeegemea ukuta. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe, Oyoo, atafute msumeno.

"Wa nini?"

"Wa kukata kichwa cha kitanda."

Oyoo alinuna siku mbili. Kitanda hicho alikinunua kabla hata ya kuoa, na kile kichwa chenye maua ya kuchonga ndicho alichoringia marafiki. Lakini hata yeye alikuwa amechoka kuwa mkwe ambaye nyumba yake haiingiliki. Akakata, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Kilichobaki sasa kiliweza kubanana na ukuta; walikisimamisha kwa ubavu, godoro limefungwa kwa matambara likitazama ukuta, miguu minne imetokeza chumbani. Hapo Mildred akacheka peke yake. Miguu ya juu aliilazia ubao, akapanga glasi na redio. Ya chini akaiwekea ubao wa sahani. Lile pazia akalikaza mbele kwa sindano na uzi, akatandaza vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe. Kamba moja ikapita juu ya boriti kuzuia mzigo wote usianguke. Msumari hakuna. Na katikati, pale ambapo hapakuwa na nafasi hata ya kugeuka, wakaingiza viti viwili na meza ndogo. Mildred alizunguka mara tatu bila sababu, raha tu.

Mama alikuja Jumamosi, Oyoo akiwa ametoka mapema kumpisha. Alisimama mlangoni muda mrefu, mkono kwenye fremu. Mildred alimkaribisha mara moja tu, aliogopa kurudia. Kisha mama akainama, akaingia, akaketi.

Alikula samaki mpaka akabakisha mifupa. Halafu akatazama ukutani.

"Kabati kubwa," alisema. "Mnaweka nini?"

"Nguo, Mama."

"Nguo zenu ni nyingi, nyathina, mwanangu."

Mildred aliinamia sufuria. Mama alinawa mikono polepole, akajipangusa, akainua yale macho yake mabovu hadi kwenye boriti.

"Hiyo kamba uikaze vizuri," alisema. "Isilegee nikija tena kesho."