Yasinta na Ua la Unga Mlangoni

Saa tatu asubuhi, siku ya Diwali, Yasinta Komba amepiga magoti kwenye kizingiti cha nyumba moja ya Sugar Land, nje kidogo ya Houston, Marekani. Vidole viwili vimebana unga wa mchele. Anaogopa hata kupumua, unga usije ukapeperuka.

Nyuma yake, kwenye kiti cha magurudumu, Bibi Kusum anahesabu nukta kwa Kiswahili cha Tanga, alikozaliwa miaka themanini na mitatu iliyopita. Nukta kumi na tano kwenda, kumi na tano kushuka. Zikishatimia ndipo huunganishwa kwa mistari kuwa ua la rangoli, pambo ambalo Wahindu huchora mlangoni kukaribisha baraka.

"Ukikosea nukta moja, ua zima linakwenda upande," anasema Yasinta. "Leo sijala kitu. Nime-panic tangu nilipoamka."

Yasinta, 42, Mkatoliki wa Songea, anamuuguza bibi huyu siku sita kwa wiki, dola kumi na tano kwa saa. Kuchora hakumo kwenye mkataba. Lakini kiharusi cha Machi kiliuchukua mkono wa kulia wa bibi, mkono uliochora kila Diwali tangu usichana wake.

Mwana wa bibi, Hitesh, amenunua rangoli ya plastiki ya kubandika. Amesema wazi kwamba wageni wanafika saa sita, na ua likiwa halijaisha, atabandika. Tangu hapo bibi amenuna. Kwake, unga ule huliwa na sisimizi na ndege, na hiyo ndiyo sadaka ya kwanza ya siku. Plastiki haimlishi yeyote.

Kinachomtesa Yasinta zaidi ni jambo la miaka miwili iliyopita. Wiki yake ya kwanza kazini aliukuta unga mlangoni, akadhani umemwagika. Mchapakazi wa watu akakamata ufagio, akafagia, akapiga na deki juu yake. Alikuwa bado anajisifu kimoyomoyo bibi alipotoka.

"Hakunigombeza. Alilia tu," anasema. "Bora angenifukuza."

Saa tano na nusu upepo unapita, unga unasogea, jani moja la ua linapinda. Yasinta anaona giza. Anashika kitambaa kibichi afute aanze upya, na muda hautoshi. Bibi ananyoosha mkono wa kushoto, anamshika bega.

"Ulishafuta mara moja, mwanangu. Leo acha."

Hitesh anatoka na plastiki yake. Anatazama ua, anamtazama mama yake, kisha anairudisha ndani. Saa sita wageni wanaliruka ua lenye jani lililopinda, na bibi anamwambia kila mmoja ni nani aliyelichora.

Sasa kila Jumapili, akitoka kanisani, Yasinta anafanya mazoezi kwenye kibaraza cha nyumba yake, mtaa wa Alief, Houston.

"Mwakani nataka kumchora tausi," anasema. "Bibi ameahidi kunihesabia nukta. Lakini kila nikimwinua kitandani naona anavyozidi kuwa mwepesi. Namwomba Mungu nukta hizo zisije zikahesabiwa na mtu mwingine."