Apande Mbele

Kaka yangu Placide alikuwa luteni wa akiba, na cheo hicho kilinichekesha tangu siku ya kwanza. Akiba kwetu Bwegera ni mpunga unaowekwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Nilimuuliza kama na yeye watamweka ghalani awafukuze panya. Alicheka kidogo, akaendelea kunoa jembe lake.

Watu wanaomkumbuka husema alikuwa mpole. Uongo mtupu. Alikuwa mbishi kama mimi, ila mimi hubisha kwa mdomo na yeye alibisha kwa kukaa kimya. Wakati wa Wabelgiji alikuwa sajini. Uhuru ulipokuja na maofisa wazungu wakaondoka, wenzake walibaki kugombania vyeo, yeye akarudi kulima mpunga na mke wake Sidonie. Uasi ulipozuka mwaka wa sitini na nne, serikali ikawaita tena askari wa zamani, na kule Bukavu wakampa nyota yeye na Libérat, kijana wa jirani yetu. Majina yao yalisomwa siku moja, tena la Placide lilitangulia. Lakini siku ya kula kiapo Placide alikuwa nyumbani, tunamzika baba. Aliapa mwezi uliofuata, na cheo chake kikaanza kuhesabiwa kutoka hapo. Mimi ndiye niliyelalamika. Yeye aliniambia nyota ni nyota, haina mwezi wala mwaka.

Kumbe inao.

Mwaka uliofuata jeshi lilikuwa limeurudisha mji wa Uvira, waasi wamekimbilia milimani, na Placide na Libérat wamewekwa pamoja Bwegera na kikosi kimoja. Jeshini, maofisa wawili wenye cheo sawa wakikaa mahali pamoja, anayeamuru ni yule aliyekipata kwanza. Basi Libérat aliamuru, kwa sababu ya mwezi mmoja ule. Placide hakuona shida. Libérat alipenda kuamuru, alipenda na mkanda wake ung'ae, na hakuwa mtu mbaya. Hilo nalisema ingawa ulimi wangu haupendi kulisema.

Kisha waasi walishuka wakamuua Venant, mdogo wake Libérat, aliyekuwa dereva wa lori la mpunga. Venant alikuwa mtu wa kuimba njia nzima, hata ukiwa umelala nyumbani unajua lori limepita. Tulimlia sote. Wiki ile ile mtu akamwambia Libérat kwamba wauaji walikula Munyinya kabla ya kushuka. Munyinya ni kijiji kilichoko juu yetu, mlimani, nyumba chache za nyasi na mihogo mingi. Geneviève, mama yake Sidonie, aliishi huko. Libérat hakuuliza nani alipika na nani alilazimishwa kupika. Alitangaza kwamba keshokutwa kikosi kitapanda kuichoma Munyinya, na atakayekutwa huko ni muasi.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa Songo, mjini Uvira, nauza ndagala sokoni na kwenye jiko la kambi ya jeshi. Placide alinikuta uwanjani nikianika samaki. Alikuwa amekuja na lori la asubuhi, vumbi hadi kwenye kope.

"Domitille, minye niko natafuta tarehe," alisema.

"Tarehe ya nini, yaya?" nilimuuliza, maana kaka mkubwa kwetu ni yaya.

"Ya cheo. Wairudishe mbele, ipite ya Libérat. Kama yangu iko mbele, minye njo naamuru. Na minye nikiamuru, Munyinya haiungue."

Nilitaka kumtania, nikamkumbuka Geneviève. Niliogopa papo hapo. Nilijitwisha kikapu cha ndagala nikamfuata kambini, maana mlinzi wa lango alinijua mimi kuliko alivyowajua maofisa wa akiba.

Komanda wa kambi alimsikiliza akiwa amesimama. Placide alimweleza vizuri: majina yalivyosomwa, msiba wa baba, kiapo. Juu ya Munyinya hakusema neno, kwa sababu komanda mwenyewe alikuwa amekwisha kukubali ichomwe.

"Tarehe si kazi yangu," komanda alisema. "Ni kazi ya Bukavu. Omba ku foni. Wakikubali, minye sina neno."

Foni ilikuwa ile mashine ya kuongea na Bukavu, na mwenye kuiendesha alikuwa Kizito, kijana mwenye koo la kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alihitaji koo hilo. Siku zote foni ilikoroma, na siku hiyo ilikuwa na mvua ya Bukavu ndani yake. Nilikaa barazani na kikapu changu, mlango uko wazi, nikasikia yote.

"Sema luteni Placide wa Bwegera anaomba cheo chake kirudishwe nyuma hadi..." Placide alianza.

"Hawatasikia hayo yote, Liyetena!" Kizito alisema. "Unipe maneno kidogo."

Placide alifikiri. Kisha akasema, "Sema naomba nipande mbele ya Libérat."

Kizito alipiga kelele: "Liyetena Placide wa Bwegera anaomba apande mbele ya Libérat! Apande mbele! Munasikia?"

Foni ilikoroma. Kizito alirudia, akarudia tena, mishipa ya shingo imemtoka. Tukangoja. Niliomba Mungu kwa jina la kila mtoto wa Munyinya niliyemjua, nikawachanganya, nikaanza upya. Mwishowe sauti ikatoka, ya mtu aliye mbali na mwenye haraka.

"Muzuri sana. Apande mbele. Narudia, apande mbele."

Nilipiga vigelegele pale pale barazani, ndagala zikamwagika, na komanda mwenyewe akacheka. Placide hakucheka. Alikaa chini kwenye ngazi akajifuta uso kwa kofia. Tulirudi Bwegera pamoja na lori la adhuhuri. Nilitaka kumwona Libérat akipokea habari hiyo. Nakiri roho yangu ilikuwa na sherehe mbaya.

Libérat alikuwa chini ya paa la mashine ya kukoboa mpunga, askari wamemzunguka wakisafisha bunduki. Macho yake yalikuwa mekundu. Tangu wamzike Venant hakuwa amelala.

"Bukavu wamesema minye nipande mbele," Placide alimwambia mbele ya wote. "Komanda alisikia. Huyu dada yangu alisikia."

"Wamesema vile?"

"Apande mbele. Wamerudia mara mbili."

Libérat aliinuka. Kisha, ajabu, akamshika bega kwa heshima.

"Weye ni mwanaume, Placide. Sikujua. Nilifikiri unaogopa." Akanyoosha mkono kuelekea mlimani. "Basi, panda. Sisi tutakufuata asubuhi."

Sikuelewa. Nilimwona Placide naye haelewi, kisha nikaona anaelewa, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyepigwa na mlango.

"Nimesema cheo, Libérat. Tarehe ya cheo."

"Tarehe gani wamekupa?"

Nilijaribu kukumbuka kila neno la foni, nikajua hakuna mtu aliyeitaja tarehe. Askari akipata cheo, kwetu tunasema amepanda. Akienda mlimani pia amepanda. Na mbele, kwa sisi watu wa ziwa hili, ni ya barabara na ni ya kalenda, yaani kabla. Kule Bukavu walijua kikosi cha Bwegera kinajiandaa kupanda mlima. Wakasikia luteni mmoja anaomba atangulie, wakampongeza. Laiti Kizito angeacha neno cheo lipite! Nilimtukana Kizito moyoni, nikaitukana na mvua.

Hapakuwa na njia ya kurudi Uvira siku hiyo, na asubuhi Munyinya ingewaka. Askari walikuwa wameacha kusafisha bunduki, wanatutazama. Placide alifunga vifungo vya koti lake mpaka cha juu.

"Amri ni amri," alisema. "Bukavu wamesema mbele. Hawakusema mbele ya hatua ngapi. Naenda sasa."

"Peke yako?" Libérat aliuliza.

"Mbele hakuna mwengine."

Nilimfuata. Alinifukuza, nikakataa, akanifukuza tena, tukafika mto wa kwanza tukiwa tunagombana. Baada ya hapo tulinyamaza, kwa sababu njia iliingia kwenye matete na kila tete lililotikisika niliona ni muasi. Nilimsihi avue koti la jeshi. Muasi yeyote angeliona kutoka mbali.

"Nikivua, watu wa Munyinya watanisikia kama shemeji," alisema. "Nataka wanisikie kama serikali, ili waogope na wakimbie."

Walikimbia kweli, hata kabla hajafungua mdomo. Walipoona koti, wanawake waliokota watoto, wanaume wakaruka mihogo. Placide aliwaita kwa Kifuliiru, akataja jina la baba yetu, wakasimama mbali. Aliwaambia asubuhi kikosi kinakuja na moto. Aliwaonyesha njia ya kushuka upande wa pili mpaka shamba lake la mpunga, ambapo Sidonie angewapokea. Jua lilipogusa kilele cha mlima, Munyinya ilikuwa na mbuzi wawili waliosahauliwa, sisi, na Geneviève.

Geneviève alikataa kata kata. Alikuwa amekaa ndani karibu na chungu kikubwa.

"Mihogo yangu iko mu maji tangu juzi. Nikiiacha itaoza."

"Mama, watakuchoma!" nilimwambia.

"Nani? Libérat? Nilimpakaa huyo mafuta akiwa na upele. Akuje aniambie mwenyewe."

Nililia, nikamkasirikia, nikamvuta mkono. Hakuinuka. Basi Placide akafanya jambo ambalo kwetu mkwe halifanyi: alivuta kigoda cha mama mkwe wake, akakiweka kwenye kizingiti cha mlango wake, akakikalia. Mkwe hasogelei mlango ule bila kuitwa, sembuse kuuziba kwa matako yake. Geneviève alipiga kelele kuliko alivyopiga kwa habari ya moto. Alijifunika uso kwa kitenge, akamwambia atoke, atamwambia nini Sidonie, majirani watasema nini. Placide alimwomba msamaha bila kugeuka, akabaki pale pale.

Asubuhi tulisikia viatu. Libérat alitokea kwanza, kikosi nyuma yake, wawili wamebeba mienge ya nyasi inayotoa moshi. Alitazama nyumba tupu. Alielewa upesi.

"Umewatoa."

"Nimepanda mbele," Placide alisema. "Hakuna adui hapa. Hiyo ndiyo ripoti yangu."

"Kulikuwa na watu waliowalisha wauaji wa Venant!"

"Labda walikuwepo. Hata minye namlilia Venant. Lakini nyuma yangu iko mama Geneviève na mihogo yake."

Libérat aliuchukua mwenge mwenyewe. Alikuja hadi mlangoni, karibu mno, cheche zikaanguka kwenye goti la kaka yangu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Placide, nimemshika koti.

"Ondoka, Placide. Tarehe yangu iko mbele ya yako. Nakuamuru."

"Najua. Nimekusikia, na siondoki."

Na hapo, kutoka gizani mwa nyumba, sauti ya Geneviève ikatoka chini ya kitenge.

"Libérat, mwana wa Nalwango! Mama yako anajua uko hapa? Mwondoe huyu mkwe wangu mu mlango, ananiaibisha!"

Askari mmoja alicheka kwa pua, akajizuia. Libérat hakucheka. Alisema, "Mama, wameniulia Venant," kwa sauti ya mtoto. Aliuacha mwenge ukining'inia mkononi, na yule bibi mbishi akainuka sasa, mwenyewe, akapita juu ya bega la mkwe wake bila kujali aibu tena, akamshika Libérat kichwa. Mwenge ulianguka kwenye udongo. Askari mwingine aliukanyaga.

Hakuna nyumba iliyoungua Munyinya. Lakini jeshi si mahali pa kusamehe. Habari zilifika kwa komanda, naye akamvua Placide nyota kwa kuwapa watu taarifa ya operesheni. Ombi lake la tarehe halikuwahi kujibiwa. Alirudi kwenye mpunga wake, na Sidonie kwa miezi kadhaa alimwita mlinzi wa mlango. Geneviève hakuongea naye mpaka alipomletea mbuzi wa kufuta ile aibu ya kigoda.

Placide amekwisha kufa sasa. Siku moja baada ya mazishi nilikwenda kanisani Bwegera kusimamia ubatizo. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa Munyinya na kijana wake mkubwa, anataka kuandikishwa ili aoe. Padri, kijana mgeni wa mahali petu, alimuuliza mama kijana alizaliwa lini.

"Mwezi mmoja mbele ya Placide kupanda," mama alijibu.

Padri aliuliza hiyo ni tarehe gani. Mama alimtazama kwa mshangao, akarudia, kwa sauti ya juu zaidi, kama anaongea na kiziwi. Ikabidi mimi niinuke, nikiwa nafuta machozi, nimweleze padri.