Koti la Mbwa

Juzi nilikuwa kwa dobi wa hapa Bukoba, yule anayefua mashati ya Bwana DC. Mjane kutoka Izigo akafungua furushi la nguo za marehemu mumewe, zifuliwe kabla ya kugawiwa ndugu. Miguuni pake alilala mbwa wa Kifaransa, masikio yakifagia sakafu. Marehemu aliachiwa mbwa huyo na padri aliyerudi kwao Ulaya.

Dobi akashika koti. Mama akamnyang'anya.

"Hili usifue."

"Linanuka tumbaku, mama."

"Hiyo ndiyo harufu ya mzee. Mbwa asipolilalia, hali chakula."

Akainama amnusishe mbwa. Lakini nilimwona: kwanza alilinusa mwenyewe, tena kwa muda mrefu. Mbwa akangoja zamu yake.