Friji Iliyosimamishwa kwa Kichwa

Juzi mtu alimwaga mafuta ya taa bwenini, wenzangu wakakimbilia madirisha. Mimi nilibaki nikinusa kama mbwa. Hiyo ndiyo harufu ya jikoni kwa cucu, mama mzaa baba, kule Kanyakine ambako stima ilikuwa bado haijafika.

Anko alikuwa amemletea friji kuukuu inayotumia moto wa mafuta ya taa badala ya stima, nzito kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Aliipindua kichwa chini kutwa nzima ili gesi iliyokwama kwenye mabomba ilegee. Nikamuuliza kama itatapika.

"Wewe ndio utatapika meno," akasema.

Asubuhi iliyofuata aliisimamisha, akawasha utambi, akaurekebisha mpaka moto ukawa wa buluu. Hakuna aliyefanya mzaha tena. Dawa ya sukari ya cucu, ile ya sindano, ilikuwa ndani ya thamosi, na barafu iliyobaki humo ilikuwa ndogo kama jino.

Nikawa nafungua mlango wa friji kila mara kuangalia kama baridi imefika. Mara ya tatu anko alinishika sikio.

"Unaifukuza baridi, shetani wewe! Dawa ikiharibika utamwambia nini cucu?"

Nikaufunga mlango na kurudi nyuma.

Cucu akavuta stuli, akaketi, akaegemeza mgongo kwenye ule mlango. Saa kumi jioni aliinuka mwenyewe, akafungua, akaingiza shavu ndani na kufumba macho. Anko alivua kofia kama yuko kanisani.

"Leteni dawa," cucu akasema.