Niliandika Kwamba Bagamoyo Maisha ni Rahisi

Mwenye makosa ni mimi. Natanguliza hilo kwa sababu ninyi wasomaji mna huruma, mtanitafutia visingizio, na mimi nimeshavitafuta vyote nikavimaliza. Nilimdhulumu shoga yangu kwa kalamu.

Jina lake silitaji, nitamwita Rukia. Tumezaliwa mtaa mmoja Bagamoyo, tumesoma chuo kimoja, tukaajiriwa na kampuni moja ya kusambaza vyakula. Yeye akawa afisa utumishi wa tawi la Bagamoyo, mimi nikapangiwa makao makuu, Dar es Salaam. Kazi ileile: mafaili, likizo, mikataba, kuamua ugomvi wa wafanyakazi. Tena yeye alikuwa peke yake na tawi zima, na vibarua wa ghala la Msata juu yake. Sisi Dar tulikuwa watatu na muda wa umbea tulikuwa nao.

Lakini mshahara, jamani! Sisi tulikuwa juu, yeye chini kabisa, kwa sababu tu kampuni ilimhesabu kuwa yuko mkoani. Rukia akaandika maombi, kwa adabu zake zote, kwamba cheo kimoja kilipwe sawa popote mtu alipo.

Mkuu wangu akaniita. "Wewe si wa kule? Nenda kaangalie anaishije, uniletee taarifa." Nikiwa mlangoni akaongeza, "Ila ujue fungu ni moja. Wa mkoani wakipanda, nyinyi wa hapa mtasubiri kidogo."

Hiyo "kidogo" niliipigia hesabu njia nzima.

Rukia alinipokea kwa wali wa nazi na changu wa kukaanga, mkubwa, amejaa sahani. "Kula, shoga, huko kwenu mmezoea chipsi." Tukacheka mpaka machozi. Nikamuuliza, maisha vipi?

"Alhamdulillahi, yanakwenda."

Basi! Nikaandika kwenye daftari langu kwamba ameridhika.

Mimi ni mtoto wa Pwani, jamani! Najua kwetu mtu anaweza kulala na njaa, asubuhi ukimuuliza akamshukuru Mungu. Tumelelewa kujisitiri. Jibu lile ni shukrani, si habari za tumbo, na hilo halihitaji chuo. Tena niliyaona masanduku ukumbini, yamefungwa kamba. Baadaye ndipo nilipojua kwamba nyumba ile ya urithi ndugu walikuwa wanaiuza, naye anahangaika kutafuta chumba cha kupanga. Siku ile sikuuliza. Ningeuliza angenijibu, na angenijibu ingebidi niandike.

Nikaandika hivi: "Anaishi nyumba ya familia, halipi kodi. Samaki wanapatikana kwa bei ya chee. Hajalalamika." Nikatia saini. Maombi yake yakakataliwa, sisi wa Dar tukaongezwa mshahara.

Kumbe nimesahau jambo moja, mjinga mimi! Taarifa yoyote inayomhusu mfanyakazi wa tawi, nakala yake hupelekwa tawini ikatiwe kwenye faili lake. Na anayetunza mafaili tawini ni nani? Ni Rukia. Aliifungua bahasha kwa mkono wake, akaisoma, akaigonga mhuri wa kupokea, akaipa namba, akaitia kwenye faili lake mwenyewe.

Alinipigia siku ileile. Nilijiandaa kwa matusi, na wallahi ningeyapokea kwa furaha.

"Nakala imefika," akasema, sauti imetulia. "Imeandikwa vizuri. Ila yule samaki, shoga, nilimnunua kwa ajili yako. Sisi hapa tunakula dagaa."

Akanitakia kazi njema, akakata.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwake nilikuwa mimi. Alihamia chumba cha kupanga, mbali, njia ya Fukayosi, na kazini akaendelea kama kawaida. Nikimwandikia, hunijibu kwa heshima, neno moja au mawili. Mimi kwa nyongeza ile nikapanga nyumba nzuri yenye sebule kubwa. Wa kuketi sebuleni sina. Siku ya Idi napika pilau, naipakua, halafu naizunguka meza nikijiuliza nimpigie nani. Upweke huu sijawahi kumwambia mtu.

Mwaka huu Rukia amemwoza binti yake. Sikuambiwa, nilisikia kwa mama. Kwetu shoga wa mwenye shughuli haalikwi. Anafika siku mbili kabla, anafunga kanga kiunoni, anaingia uani. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda na kanga yangu.

Rukia akatoka, akanikumbatia kwa mikono miwili. "Karibu mgeni wetu!" Akageuka akaita, "Mleteeni mgeni kiti!"

Nikaletewa kiti. Nikaletewa soda na mrija, na sahani yangu peke yangu, imefunikwa, pamoja na kijiko. Uani wenzangu tuliokua pamoja walikuwa wanamenya vitunguu na kutaniana, nawasikia mmoja mmoja kwa sauti zao. Nikasimama niwafuate.

Rukia akanishika bega. "Keti, utachafua nguo. Umetoka mbali."

Mbali! Dar na Bagamoyo!

Nikaketi. Nikala chakula kile chote, kwa sababu kukiacha ingekuwa utovu wa adabu.

Wewe uliyepewa kalamu ya kupanga riziki ya mwenzio, nakuomba: usimwandikie neno ambalo huwezi kumsomea usoni. Usijidanganye kwamba karatasi haina miguu. Mimi nyongeza yangu naipata kila mwezi, haijawahi kuchelewa hata siku moja. Na siku ya shughuli kubwa kuliko zote za shoga yangu, nilipewa kila kitu nyumbani kwake, isipokuwa kisu na kitunguu.