Mama Mkwe wa Kwenye Runinga

Naangalia tamthilia. Nimekana kwa miaka, na shahada yangu ya fasihi imenisaidia kukana: nilizoea kusema napitia tu vipande vya kufundishia. Ukweli ni kwamba kila jioni nikifika nyumbani Butimba, miguu imevimba kwa kusimama, nakaa na kuangalia mpaka mwisho, mboga zikiungua jikoni.

Darasani nilianza kuzitumia kwa sababu ya kuchoka tu. Kidato cha pili, ukiwauliza funzo la hadithi, wanaitikia kwa pamoja "inatufundisha tuwe na upendo", kisha wanasinzia. Siku moja nikawaonyesha, kwenye runinga ya shule, kipande cha tamthilia ya nje iliyotiwa sauti za Kiswahili: mama mkwe katili, mke wa mwanawe mpole anayeonewa. Nilitarajia wamtetee mpole. Darasa zima likamhukumu. Kaingia sebuleni, kasema "habari", kakaa. Shikamoo iko wapi? Msichana mmoja wa Mabatini akasimama, akasema kwao huyo asingepewa hata maji. Wakabishana mpaka kengele, kwa Kiswahili ambacho sikujua wanacho.

Mama wa msichana huyo, muuza dagaa, akaja kulalamika: mtoto katumwa kusoma, anafundishwa ugomvi wa wakwe. Mkuu wa shule akaamua runinga ikae stoo mpaka mzazi aridhike. Mbele yao nikasema kwamba mimi binafsi, nyumbani, sina muda wa mambo hayo. Yule mama akanitazama kama anavyotazama dagaa wenye mchanga.

Nikarudi kwenye ubao, wanafunzi wakarudi kwenye usingizi.

Jioni moja yule mama muuza dagaa akanipigia simu.

"Mwalimu, huku kwetu umeme umekatika. Yule mama mkwe aliyezimia jana, kazinduka?"

Ningesema sijui, ningebaki msomi, na runinga ingebaki stoo.

"Kazinduka," nikasema. "Mkwe wake kamlisha uji."

"Kamwamkia kwanza?"

"Kapiga magoti kabisa, pembeni ya kitanda."

"Eh. Sasa huyo kaanza kupata akili." Akacheka taratibu. "Nilijua tu unaangalia. Kesho mwambie mkuu nimeridhika, aitoe hiyo runinga. Haya, nieleze kuanzia mwanzo, polepole. Binti yangu naye yuko hapa, anasikiliza."